Mtani wa Ngollo

Siwema wa Usoke alikuwa na mdomo, na hilo halikuwa siri kwa abiria yeyote aliyewahi kushuka pale stesheni kunywa chai kibandani kwake. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyeletwa bara na kazi ya reli, akaoa, akazeekea huko huko, na alichomrithisha binti ni ulimi tu. Nao Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba mizigo pamoja na kuzikana njiani. Mtani hakasiriki. Ukimtukana anacheka, ukimnyang'anya kuku anacheka, na siku ukifa yeye ndiye anayevaa nguo zako msibani na kukuigiza, ili wafiwa wapate pumzi.

Mtani wake mkubwa alikuwa Ngollo, Mnyamwezi, mkulima wa tumbaku, mrefu, anayevuta mguu mmoja akitembea. Ngollo akifika asubuhi anamwita Siwema mtumwa wake. Siwema anamwita mpagazi asiye na mzigo. Hapo hapo benchini hukaa Mabruki, kibarua wa reli, Mzaramo naye, ambaye Siwema alimhesabu kama kaka. Kila siku ya Mungu Ngollo humwambia, "Wewe nitakuzika mimi, kwa mikono yangu hii." Mabruki naye hujibu, "Zika, lakini sanda usinipunje, maana ubahili wako naujua." Wanacheka, wanagawana maandazi.

Ikaja operesheni ya kuhamia kijijini, mashamba yakagawiwa upya, na wawili hawa wakajikuta wamepakana. Wakagombea mpaka, na safari hiyo hawakuwa wanataniana. Haikupita wiki, Mabruki akakutwa kando ya reli amekatwa panga. Ngollo ndiye aliyembeba mpaka kijijini, akakataa mwingine amguse, akisema mtani wake ni mzigo wake. Polisi walipofika wakamkuta shati limelowa damu, wakaondoka naye.

Siwema aliitwa mjini Tabora kutoa ushahidi, akasindikizwa na mumewe, Twalibu. Alikwenda moyo unamchemka. Mabruki yuko kaburini na lazima mtu alipe, basi. Akaulizwa kama alimsikia mshtakiwa akisema atamzika marehemu. Akasema alimsikia, tena si mara moja. Kule kizimbani Ngollo akamtazama akitabasamu, kama anavyotabasamu mtu anayejua maneno hayajaisha. Alikuwa anamsubiri mtani wake amalizie.

Jaji akamgeukia Siwema. "Mshtakiwa anasema huo ulikuwa utani wa kabila na kabila. Wewe ulikuwepo. Ulionaje?"

Jamani, jibu lilikuwa jepesi kuliko kumimina chai. Siwema akatazama chini. "Mimi mambo ya moyoni mwake siyajui," akasema.

Tabasamu la Ngollo likakaa usoni kidogo bila kazi, kisha likaondoka. Alihukumiwa kunyongwa.

Pale kwenye chai watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Modest, balozi wa nyumba kumi, alisema hukumu ni nzuri na imekuja kwa wakati. "Tumekusanywa hapa watu tusiojuana. Akiachwa mmoja, tutachinjana wote." Twalibu alisema hilo halina mjadala, aliyeua auawe, na dini imesema. Imakulata, jirani yao Mkatoliki, akamkumbusha kwamba dini hiyo hiyo inawaruhusu wafiwa kusamehe, sasa serikali imewauliza wafiwa gani? "Uhai haukutoka ofisini," akasema. "Na wakigundua wamekosea, watamfukua wamwombe radhi?"

Siwema alikuwa upande wa kamba, na alisema hivyo kwa sauti kubwa. Lakini kadiri alivyosema ndivyo chai ilivyomwagika nje ya vikombe. Hakujua kama Ngollo aliua. Hakuna aliyejua, mpaka leo. Alichojua ni kwamba aliulizwa jambo moja tu analolijua kuliko wote mle ndani, akalikana. Mtu akifungwa, unaweza kuchelewa kusema kweli na bado ikamfaa. Huyu alikuwa anangojewa na kitanzi. Siwema aliona aibu, halafu aibu ikageuka kitu kibaya zaidi, akawa hawezi kula mbele ya watu.

Mwishowe akamweleza Imakulata yote. Imakulata hakumpigia kelele. "Nenda kaseme," akamwambia. "Rufaa bado haijasikilizwa. Panda treni kesho." Siwema akafunga kanga yake, akafika stesheni, na treni ikafika pia. Twalibu akamkuta amesimama mlangoni mwa behewa. "Ukisema ulidanganya kortini, watakuweka ndani wewe," akasema. "Na wanangu atawalea nani?" Siwema akashusha mguu. Alijiambia atakwenda treni nyingine, na treni nyingine zikaja, zikaenda.

Rufaa ikakataliwa. Muda ukapita, kisha habari zikaja kwamba Ngollo amenyongwa katika gereza la mbali na kuzikwa huko huko. Mwili haurudishwi.

Aliyekuja kibandani asubuhi ile ni Ng'washi, mama yake Ngollo, kikongwe ambaye kortini hakuwahi kufika. Siwema akaona amekuja kumlaani, na moyoni akashukuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumetandika mkeka, tunalia bila maiti," Ng'washi akasema. "Sasa mtani umejificha wapi? Nani atamuigiza mwanangu?"

"Mama, mimi ndiye niliyetoa ushahidi."

"Serikali ilikuuliza, ukajibu. Nani asiyeijibu serikali? Njoo uvae koti lake."

Mtani haitwi mara mbili akakataa. Siwema akaenda. Akavalishwa koti la Ngollo, linanuka tumbaku bado, akavuta mguu kuzunguka uwanja, akakamata kikombe kwa viganja viwili kama alivyokamata marehemu, akamtukana kila mtu kwa sauti yake. Watu waliokuwa wamevimba macho wakaanza kucheka. Modest akacheka mpaka akashika mbavu. Siwema akasimama katikati.

"Ngollo nimemuua mimi," akasema. "Nilijua ulikuwa utani. Jaji akaniuliza, nikasema sijui, makusudi."

Mmoja akaguna, mwingine akapiga kofi, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Imakulata peke yake hakucheka. Alifunika uso kwa upande wa kanga.

"Nasema kweli," Siwema akarudia, machozi yanamtoka. "Mimi ndiye niliyemuua."

"Mzaramo huyu anajua kulia," wakasema, wakazidi kucheka.

Ng'washi akainuka kwa shida, akafuta macho, kwa mara ya kwanza tangu habari zije yakiwa na machozi ya kicheko. Akamshika Siwema mkono, akamtilia kuku kwapani, ndio ujira wa mtani.

"Ahsante, mtani wangu," akasema. "Umenipumzisha."