Nilimfelisha mwanafunzi pekee aliyeliona jiwe

Wakuu, salamu kwenu. Haya nimekaa nayo tangu miaka ya tisini, leo nayatoa yote na sitii chumvi. Nina hasira, mnivumilie.

Nilikuwa nafundisha usanifu majengo kwenye chuo kimoja Mwanza. Soko huria limepamba moto, kila mkuu wa chuo anataka kompyuta. Sisi tukapata tatu, used, zina programu ya kupima mwanga wa jua ndani ya jengo. Unachora chumba, inakupa picha: njano kuna mwanga, bluu kuna giza.

Kuingia humo unavua viatu mlangoni. Mapazia hayafunguliwi, eti vumbi.

Yaani tulifundisha mwanga wa jua gizani, na hakuna aliyeshangaa, mimi nikiwemo.

Mtihani wa mwisho ukawa kazi ya kweli. Darasa la shule ya msingi, kiwanja kipo mlimani Mabatini, umeme hakuna. Ramani itakayoshinda inajengwa.

Sasa anayeijua Mabatini anayajua mawe yake. Mashariki ya kile kiwanja kuna jiwe limeipita nyumba kwa urefu. Wanafunzi wakaweka madirisha makubwa mashariki, wapate jua la asubuhi. Kwenye kompyuta, njano tupu.

Jiwe hawakulichora. Watu wa Mwanza mawe tumeyazoea mno, hatuyahesabu. Na mimi ndiye niliyewaambia wachore jengo, mengine waachane nayo.

Isipokuwa Nyamizi, binti wa Misungwi. Alikata boksi likawa darasa, akafinyanga jiwe kwa udongo, akaviweka uwanja wa chuo saa mbili asubuhi, jiwe upande wa mashariki.

"Mwalimu, hii ni ramani ya wenzangu. Chungulia."

Nikachungulia. Giza.

Madirisha yake yeye aliyaweka kaskazini na kusini. Kompyuta, isiyojua habari za jiwe, ikampa bluu nyingi kuliko wenzake.

Nikalibeba lile boksi hadi kwa mkuu wa chuo. Hata kuinama hakuinama.

"Nimeagiza kompyuta, wewe unaniletea maboksi? Sahihisha kwa picha ilivyotoka. Kama huwezi, wapo wanaoitaka kazi yako."

Nikasahihisha kwa picha ilivyotoka. Nyamizi akafeli, akaondoka bila cheti. Darasa likajengwa, madirisha yote yanatazama jiwe.

Mwaka uliofuata nikapita pale asubuhi. Watoto wamekaa chini nje, madaftari mapajani. Mwalimu wao akaniambia ndani wanaingia kuanzia saa tano, kabla ya hapo ubao hausomeki. Mvua ikinyesha wanaingia humo gizani, wanaimba tu.

Nilitukana njia nzima. Nilimtukana mkuu wa chuo, kompyuta, hadi waliotuuzia.

Halafu siku moja kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nikamkuta Nyamizi anapima dagaa. Akasimama, akafuta mikono.

"Shikamoo mwalimu."

Nikaitikia marahaba, nikanunua dagaa, nikaondoka. Kumwambia kwamba alikuwa sahihi nilishindwa. Hiyo ndiyo inayonichoma kuliko yote, maana mkuu wa chuo hakuwahi kuchungulia lile boksi. Mimi nilichungulia.

Nilichojifunza: kabla hujaamini picha, toka nje ukakitazame kiwanja.

Walimu mliomo humu, kuna aliyewahi kumfelisha mtu huku anajua kabisa kwamba yuko sahihi? Semeni, hata kama ni kunitukana.