Folda ya Ubaruku

Apolonia Kikoti aliajiriwa kupiga chapa, na kwa miaka saba alipiga chapa tu. Mashine yake ilipoondolewa mezani ikaletwa kompyuta, wenzake katika ofisi ya mradi wa maji pale Iringa mjini walidhani ataomba kuhamishiwa jikoni, kwenye chai. Hakuomba. Alijifunza kompyuta kwa ukaidi uleule aliojifunzia baiskeli ya baba yake utotoni: akianguka ananyamaza, anajipangusa, anapanda tena.

Kazi yake mpya ilikuwa kupokea vipimo vya maji. Mradi ulikuwa na vituo ishirini na vitatu kwenye mito na mifereji, kuanzia milima ya Kilolo hadi mashamba ya mpunga ya Mbarali. Kila kituo kilikuwa na ubao wa namba uliosimikwa majini na mtu wa kuusoma asubuhi na jioni. Namba zilimfikia Apolonia kwa simu, naye akazigeuza kuwa ripoti. Ripoti zilikwenda kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya mradi, ambako mtu yeyote mwenye anwani yake, awe mkulima au mhandisi, aliweza kuzifungua akajionea maji yalivyokuwa.

Kuziingiza humo ndiko kulikomtoa jasho. Kwenye ukurasa wa mtandao ilibidi achague faili moja, abofye mara saba, asubiri, kisha aanze upya kwa faili la pili. Mvua ikinyesha mtandao unakatika, na faili linaingia nusu. Siku moja ya Machi ukurasa ulikwama mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili hakujaribu. Aliinuka, akachukua kitabu cha maelekezo ya seva, kinene, cha Kiingereza, ambacho miaka yote kilikuwa kazini kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Alikisoma ukurasa mmoja kila mchana, kamusi pembeni, ugali ukimpoa. Ukurasa wa mia mbili na kitu ulimwambia kwamba kuna njia nyingine. Unafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, unaandika amri kwa maneno: jina la programu, jina la seva, folda unayotaka iingie, na jina lako wewe unayeagiza. Ukibonyeza, folda nzima inaingia kwa mkupuo.

Mara ya kwanza aliongeza neno asilolielewa vizuri, neno la kuiambia seva ifute vya zamani, na ripoti zote za Ilula zikapotea. Hakujificha. Alikwenda mwenyewe kwa meneja wa wakati ule akasema, "Nimefuta Ilula. Nakala za karatasi ninazo. Nipe siku mbili." Alizirudisha kwa siku moja na nusu. Tangu hapo hakuingiza kitu bila kwanza kutumia neno jingine alilolikuta mbele kidogo kitabuni, la kuiambia seva ionyeshe itakachofanya bila kukifanya. Kufikia mwaka wa tatu hapakuwa na mtu mwingine ofisini aliyejua dirisha jeusi kama yeye, hata wale wenye vyeti ukutani.

Katika wasomaji wa vituo, mmoja hakukosa hata siku moja. Aliitwa Masanja, Msukuma ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga wakatua bonde la Usangu. Alisoma ubao wa Ubaruku, mwisho kabisa wa mfereji. Kwa miaka sita Apolonia alimjua kwa sauti tu.

"Mwangaluka, mama," Masanja husalimia kila asubuhi kwa Kisukuma.

"Kamwene," Apolonia humjibu kwa Kihehe, na baada ya hapo wanaingia kwenye Kiswahili na namba.

Novemba ile namba ilikuwa moja tu. "Leo sifuri, mama. Nimeshuka mwenyewe mferejini. Nimesimama na viatu, vimetoka na vumbi."

Mwezi uliofuata seva ya zamani ilichoka, ikaletwa mpya. Makao makuu yalituma barua yenye mhuri: mafaili yote ya seva ya zamani yahamishiwe kwenye mpya, na kazi hiyo afanye Apolonia Kikoti. Siku moja kabla hajaanza, meneja wa sasa, Philbert, alimwita ofisini kwake.

"Kaa, Mama Violet," alisema, akimwita kwa jina la binti yake kama ofisi nzima ilivyomwita. "Hiyo kazi ya kuhamisha umejiandaaje?"

"Niko tayari, Meneja. Mafaili elfu moja mia moja na arobaini. Amri moja tu."

"Vizuri. Folda ya Ubaruku iache."

"Niiache kwanza, au niiache kabisa?"

"Vipimo vya pale vina utata. Yule msomaji hakusomea mambo ya maji. Na tarehe kumi na nne tuna mkutano wa wadau Mbeya, sitaki watu wagombane kwa ajili ya namba za mtu mmoja."

Apolonia hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwenye mfereji uleule, juu ya Ubaruku, kulikuwa na shamba moja kubwa la mpunga, na mwenye shamba alikuwa akifunguliwa geti la maji la mfereji kwa zamu zisizoandikwa popote. Kituo cha getini kilionyesha sentimita themanini Novemba nzima. Kilomita kumi na mbili chini, Ubaruku ilionyesha sifuri, na watu wakaona vitalu vyao vya mpunga vikikauka. Ripoti hizo mbili zikikaa pamoja, hata mtoto wa shule angeuliza maji yalikokwenda.

"Masanja amesoma ule ubao miaka sita," alisema. "Siku aliyougua malaria alimtuma mkewe. Hapa ofisini kuna wasomi hawajaleta ripoti ya mwezi tangu Pasaka."

"Sikukuuliza habari za wasomi."

"Basi niandikie, Meneja. Folda gani isiingie, sababu gani, na sahihi yako chini."

"Ya nini kuandikiana? Si nimeshakwambia?"

"Barua ya makao makuu imesema mafaili yote, na ina mhuri. Maneno yako hayana mhuri."

Philbert akafungua faili lililokuwa mezani kana kwamba mgeni ameshaondoka. Apolonia akainuka akatoka.

Mchana huohuo alikuja Liberatus, kijana wa miaka thelathini aliyesomea kompyuta chuo kikuu. Aliketi kwenye ukingo wa meza yake, akazungushazungusha kalamu.

"Mama, Meneja amenipa mimi ile kazi. Nimeingia kwenye dirisha jeusi nikaona amri inataka jina. Nikiacha folda moja, seva inaandika?"

"Inaandika jina lako, saa, ulichoingiza na ulichoruka. Na hakuna wa kufuta maandishi yale, hata makao makuu."

"Mimi nina mkataba wa mwaka mmoja," Liberatus alisema.

"Najua, mwanangu. Sikulazimishi kitu. Nimekujibu ulichouliza."

Aliondoka. Baadaye Apolonia alisikia kwamba amemwambia meneja kuwa amri ile hana uzoefu nayo, na kwamba kama Meneja anataka, yeye atamfungulia dirisha, Meneja aandike mwenyewe kwa jina lake. Meneja hakutaka.

Usiku ule nyumbani Kihesa Apolonia alilala vizuri, jambo lililomshangaza mwenyewe. Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, lile la bluu, akafika ofisini mapema. Saa nne kamili aliacha mlango wake wazi, akawaambia wenzake, "Nahamisha seva. Anayetaka kuona, aje aone." Wakaja saba, wengine na vikombe vya chai mkononi. Liberatus alisimama nyuma yao.

Aliandika amri. Kwanza aliongeza neno la kuonyesha bila kufanya, kioo kikajaa mistari, na chini kabisa ikaja hesabu: elfu moja mia moja na arobaini. Akaisoma kwa sauti ili waliokuwa nyuma wasikie. Kisha akalifuta lile neno, akahakikisha jina lake, na kubonyeza.

Mistari ikaanza kupanda. Seva hupokea folda kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo Ilula ilipita mapema, na Ubaruku ilikuwa ya mwisho. Mistari ilikuwa imefika kwenye herufi M watu walipojigawa mlangoni, Philbert akaingia.

"Simamisha hiyo kazi."

Apolonia hakugeuza kiti. "Nikisimamisha sasa, mafaili yataingia nusu, na seva mpya itaharibika kabla haijafikisha wiki. Mimi sisimamishi."

"Mama Violet, hili ni agizo."

"Nimelisikia. Waya wa mtandao ule pale ukutani, Meneja. Ukiona inafaa, uchomoe wewe."

Hakuna aliyesogea. Waya ulikuwa wa kijivu, umechomekwa hatua mbili kutoka kwenye kiatu chake. Philbert aliutazama, akawatazama wale saba, akamtazama Liberatus, ambaye safari hii hakuinamisha macho. Kwenye kioo ilipita M, ikapita N, ikaja P. Mtu mmoja alikunywa chai yake kwa kelele. Ilipofika U, Apolonia aliikunja mikono mapajani, akaiacha mashine ifanye kazi yake. Faili la kwanza la Ubaruku likaingia. Likafuata la pili. Yalikuwa sitini na mawili, na Philbert alisimama pale hadi la mwisho.

"Imekwisha," Apolonia alisema. "Elfu moja mia moja na arobaini. Hakuna lililokataliwa."

Jumatatu alipokea barua ya uhamisho. Alipelekwa Mbeya, kwenye stoo ya kumbukumbu ya mradi, kuanzia wiki ileile. Akaipokea kwa mikono miwili, akasaini kitabu cha barua, na kwa kuwa Philbert alikuwa amesimama karibu, akamwambia, "Ungetaka kuninyamazisha ungenipeleka mbali zaidi. Mkutano si uko Mbeya?"

Roza, mwenzake wa miaka mingi, alimshauri aombe msamaha, hata wa uongo, barua ifutwe. "Umebakiza miaka kumi na moja tu ustaafu," alimwambia. "Utaanza kupanga chumba ugenini kwa ajili ya namba?"

"Nikiomba msamaha nitasema nimekosa nini?" Apolonia aliuliza. Roza akamsaidia kufunga masanduku.

Tarehe kumi na nne hakualikwa, lakini ukumbi ulikuwa wa kanisa na milango ilikuwa wazi, naye akaingia akaketi safu ya nyuma na sweta lake. Baridi ya Mbeya ilikuwa imeshamwingia mgongoni. Philbert alizungumza nusu saa. Alisema vituo vyote vinaonyesha hali ya kuridhisha, isipokuwa kimoja cha mwisho wa mfereji ambacho msomaji wake hana ujuzi wa kutosha.

Mwanaume mrefu, mwembamba, aliyevaa koti kubwa kuliko yeye, alisimama upande wa kushoto. "Msomaji ni mimi," alisema, na Apolonia akaijua sauti kabla hajamaliza. "Ujuzi gani unatakiwa kuona kwamba hakuna maji?"

Watu walicheka, ila si kwa furaha. Ndipo Eveline, katibu wa wakulima wa Ubaruku, akainuka na karatasi aliyoandikia anwani ya seva. Hakumwomba Philbert. Alimwomba mhandisi kutoka makao makuu aliyekuwa na kompyuta mbele afungue ripoti ya getini na ya Ubaruku, Novemba, zote mbili kwa pamoja. Mhandisi akaandika anwani, na kila mtu ukumbini akasubiri. Zikafunguka. Kushoto ilikuwa themanini, themanini, sabini na tisa. Kulia ilikuwa sifuri, mstari kwa mstari, mwezi mzima.

Mhandisi alizisoma zote mbili hadi chini. Kisha akamgeukia Philbert, akamuuliza kwa upole kabisa, "Nani anafungua geti hili?"

Mambo hayakuisha kwa namna ambayo watu wangependa kusimulia. Vitalu vilivyokauka vilikuwa vimeshakauka, na nyumba kadhaa za Ubaruku hazikupanda mpunga mwaka ule. Philbert hakufukuzwa. Lakini ratiba ya geti iliandikwa kwenye bati ikapigiliwa getini, na Ubaruku ikapewa siku tatu za wiki ambazo mwenye shamba kubwa hawezi kuzigusa. Baada ya mkutano Masanja alimfuata Apolonia uani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na wote wawili wakakosa la kusema, kwa kuwa walizoea simu.

Uhamisho wake haukufutwa. Apolonia alipata chumba Uyole, akaingia stoo, akakuta madaftari ya vipimo ya miaka thelathini yamelundikwa hadi darini, mengine yameliwa na mchwa pembeni. Hakuna aliyemwambia ayafanyie nini. Akaomba kompyuta, wakamwambia hakuna. Akaomba tena kila Ijumaa, hadi mkuu wa stoo akachoka akampa yake ya zamani. Sasa anayaandika daftari baada ya daftari, na kila mwisho wa mwezi anafungua dirisha jeusi na kuingiza mwaka mmoja zaidi kwenye seva.

Violet, ambaye ni mwalimu Iringa, humpigia Jumapili baada ya misa.

"Utarudi lini nyumbani, mama?"

"Nikimaliza ya Mbarali."

"Yako mangapi?"

"Mia mbili na kidogo."

"Na wakikukataza?"

"Waje stoo waniambie," Apolonia alisema. "Wabebe na sweta, huku kuna baridi."