Siku Walipoezua Nyumba Yetu

Msumari wenye kutu ukichomolewa kwenye bati hulia kama kuku aliyebanwa. Mlio huo ndio ulioniamsha asubuhi ya mwisho wa matanga ya papa, baba yetu, katika nyumba yetu ya mjini, komini ya Tshopo, ua wote ukinuka matope na moshi wa kuni mbichi. Mama alikuwa ametangulia kufa msimu wa mvua uliopita. Mimi, binti mkubwa, yaya kama tunavyomwita dada mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na minne. Nyuma yangu Rosalie, kisha Dieudonné, aliyekuwa bado anatambaa.

Kaka mkubwa wa papa, tonton Faustin, alikuwa juu ya paa na nyundo. "Tunahamisha tu," alisema, kana kwamba mabati yenyewe yalikuwa yameomba safari. Shangazi, aliyekuwa akifunga sufuria za mama kwenye kitenge, alisema anazitunza. Kila mkono ulikuja na neno lake la upole. Jirani peke yake, akipita na ndoo, ndiye aliyesema wanapora. Niliwaacha. Lakini tonton akaanza kutugawa kutoka huko juu: Rosalie aende naye Yanonge, mdogo aende Simi-Simi kwa shangazi, mimi nitafutiwe mume.

Katika ukoo wetu, matanga yakiisha watoto wa marehemu hunyolewa, na anayekunyoa ndiye anayekuchukua. Hakuna anayebisha baada ya hapo. Wembe ulikuwa tayari kwenye sahani ya maji, ukimngoja tonton. Nikamkalisha Rosalie mkekani, nikaanza. Dieudonné nilimbana kati ya magoti, akapiga kelele mpaka nikamaliza. Kisha nikajinyoa mwenyewe kwa kupapasa, damu ikinichuruzika sikioni.

Tonton alishuka, akasimama na nyundo yake.

"Nani amenyoa hawa batoto?"

"Ni mimi, tonton."

"Wewe mwenyewe iko mutoto! Utawalisha nini? Nywele?"

"Beba mabati, tonton. Hawa wanabaki na mimi."

Shangazi akaangua kicheko, sufuria zikagongana kichwani. "Bon, Faustin, mwenye kunyoa ameisha kunyoa. Ama utazibandika tena?"

Waliondoka na paa. Tulilala chini ya turubai, nikaacha shule, nikauza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni. Sijawahi kuisikitikia shule hiyo mbele ya mtu, na sitaanza leo. Rosalie amesoma kwa ajili yetu sote. Sasa anafundisha Kiingereza. Juzi alinieleza kwamba Waingereza wana kitenzi kimoja cha maneno mawili mafupi, take away, kwa kila namna ya kuondoa, akataka nimsaidie kupata ya kwetu. Nikamwambia sahani hutolewa, bati huezuliwa, maumivu hutulizwa, haki hunyang'anywa. Aliandika yote. "Kuhamisha usiliweke," nikasema, "mpaka umemuuliza anayehamishwa."

Nyumba ina mabati mapya, na ndani yake tunakula wengi kuliko zamani. Tonton amezeeka. Mwezi huu alimtuma mtu kumwomba binti wa Rosalie akamsaidie kazi za nyumbani Yanonge, kumwazima kidogo tu. Rosalie alinitazama. Mjumbe naye alinitazama, akingoja nizunguke kwa maneno ya adabu kama watu wazima wanavyozunguka. Nilimkaribisha chakula, akala akashiba, nikamsindikiza mpaka barabarani.

"Nimwambie nini muzee?" akauliza.

"Mwambie hapana."

"Hapana tu, yaya?"

"Hapana tu."