Mmoja Anatosha

Mkunga yule hakuwa anatembea, alikuwa anakimbia mbio fupifupi, kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto kakibana kwapani, vidole vimechubuka kwa dawa. Wazazi kumi na wawili, na yeye peke yake wodini. Kila kitanda alichopita aligusa mguu wa aliyelala: "Nakuja, mama." Ponsian alipomleta mkewe Natalia kwa lori la mpunga kutoka Majimoto, uzazi wa kwanza, aliona mkunga huyu anawazungusha tu. Siku hiyo bwana afya wa mkoa akapita barazani, akawauliza waume: nyie mnaonaje, wakunga wangapi watatosha hapa? Ponsian akadakia, "Mmoja anatosha, bwana mkubwa, mradi asiwe mvivu!" Wanaume wakacheka. Bwana afya akaandika. Mkunga alikuwa mlangoni na beseni lake. Alisikia, akarudi ndani.

Mwaka uliofuata Natalia akaletwa tena na uchungu. Mkunga ni yule yule, bado peke yake. Adhuhuri, akiwa anampokea mtoto wa kitanda cha dirishani, huku nyuma Natalia akavuja damu mpaka akakata roho. Mkunga alitoka akijifuta mikono kwenye gauni, akachuchumaa mbele ya Ponsian. Ya mwaka jana hakuyagusa. "Nilimwambia nakuja, baba," akasema. Ponsian akavitazama vile vidole, uso akashindwa kuuinua.