Dada Alivyojifunza Maneno Upya

Mkoa wetu ulipokuwa bado mpya, viwanja vya mtaa wetu wa Bagara vilipanda bei vikaanza kugombewa. Dada yangu, fundi cherehani, alikuwa akipalilia mahindi kwenye kiwanja alichoachiwa na baba. Jirani akaingia akidai tumesogeza mpaka. Dada akamwambia atoke. Yule bwana akampokonya jembe, akaligeuza, akampiga kwa mpini kichwani, upande wa kushoto. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alipomwongeza pigo la pili dada akiwa chini, nikamrukia mgongoni na kumng'ata sikio mpaka damu ikanijaa mdomoni.

Dada alizindukia hospitali. Akaonyesha kikombe cha maji, akasema, "Chumvi." Kisha akalia, maana alijua amekosea.

Daktari alitueleza, mimi na mama. "Seli za ubongo huwasiliana kwa viungo vidogo sana. Vile vya maneno vimeumia. Vipya vinaweza kujengeka, ila kwa kurudiarudia. Msimwonee huruma."

Sikumwonea. Kila asubuhi nilimshikisha kitu. "Hiki nini?" Akikosa, tunarudia. Alinizaba makofi. Alinirushia sufuria ya uji wa moto, ukanibabua shingo. Siku moja alinikaba koo kwa sababu ya neno "sindano", kitu alichokishika tangu usichana wake. Mama akapiga kelele, "Mwache, utamuua!" Sikujua anamwambia nani.

Ubongo wangu nao ulikuwa umejifunza jambo lake. Nikiona mtu ananyanyua jembe, natapika. Daktari akaniambia ni viungo vilevile, ila hofu haihitaji kurudiwa. Mara moja inatosha.

"Sindano" lilikuja wakati wa masika, dada amekaa kwenye cherehani. Kesho yake likaja "uzi". Kesi ya yule jirani ilipofikia zamu ya dada kutoa ushahidi, hakimu akamwuliza nani alimpiga. Dada akasimama, akamnyooshea jirani kidole.

"Huyu. Huyu alinipiga. Mimi nilikuwa... nilikuwa kwangu."

Yule bwana akafungwa.

Sasa dada anashona sare za shule karibu na soko. Akikasirika maneno bado humponyoka; juzi alimfukuza mteja msumbufu huku akimwita "mkasi wewe!" Mteja akacheka, dada naye akacheka mpaka akakaa chini. Mimi kulima nimeacha. Mahindi nanunua.