Siku Yaya Aliposhindwa Kura

Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita Yaya, alianzia siasa za Australia katika kiwanda cha nyama. Wakimbizi wenzake hawakujua Kiingereza, yeye alikuwa amekisotea hapa Durban, Afrika Kusini, akiuza simu kabla hajahamia huko, basi kila msimamizi aliyekuwa na neno alimwita yeye. Baadaye mji ule mdogo wa wakulima wa ngano ukamchagua diwani. Alihangaikia mabomba ya maji na barabara za vumbi, akawa ananitumia picha zake za kukata utepe hata nisipoziomba. Kisha akagombea ubunge wa jimbo, na hapo ndipo mimi nilipokosa usingizi.

Kanisani kwetu walimwombea ashinde. Mimi niliomba asijulikane. Ninasuka nywele katika saluni ya mtaa wa Overport, na siku za maandamano ya kutaka wageni tuondoke tunashusha shata la mlango na kukaa kimya ndani. Yeye sura yake ilibandikwa kwenye nguzo za umeme, na jina la baba chini yake. Nilimwona mjinga na nilimwambia hivyo. Alinicheka.

Baba naye aligombea, kwetu Congo, akashindwa. Jioni ile ile watu wa mshindi walikuja nyumbani. Mama hakuruhusu mtu akanyage mkeka wake na viatu, hata padri alivua. Wale waliingia na mabuti yao, wakamchukua baba, na hatukumwona tena. Mama aliusugua ule mkeka mpaka ukachanika.

Matokeo ya dada yalitoka kwao usiku, kwetu mchana, nikiwa nimefika katikati ya kichwa cha mteja.

"Nimeshindwa," aliniambia kwenye simu, kama aliyeachwa na basi. "Ule mwenye ameshinda anakuya hapa nyumbani."

"Yaya, funga mulango. Zima taa. Pita nyuma, kimbilia kwa jirani."

"Eish, wewe. Ule ndiye jirani."

"Anakuya na watu?"

"Na bibi yake."

Hodi ikasikika. Nilimsihi asifungue, akaweka simu mezani akaenda. Nikasikia sauti nzito ya mwanamume, kisha kimya. Nilimwita dada kwa kelele mpaka mteja akanigeukia, nywele zake zikiwa bado ngumini mwangu.

Mwishowe aliishika simu, akawasha kamera. "Basi angalia mwenyewe."

Alinionyesha mlango kwanza. Nje yake palikuwa na mabuti makubwa yenye udongo, na ndala za mwanamke kando yake. Ndani, mzee mmoja alikuwa amesimama pembeni ya mkeka wa dada, keki mkononi, soksi imetoboka kidole kikachungulia. Alikuwa akingoja kuambiwa akae wapi.

Nilikata simu nikalia mbele ya mteja, bila aibu. Nilitamani mama angekuwa hai aione ile soksi.