Mnyororo Niliokataa Kuupitisha

Nilikuwa wa kwanza nyumbani kwetu Machakos kupata barua ya kuajiriwa, tena barua ya ufundi, mimi msichana. Ghala lilikuwa Riruta, la sukari na unga. Kazi yangu ilikuwa kutunza mizani, toroli na foklifti moja kuukuu, mashine ya kuinulia mizigo, iliyobeba karibu kila kitu pale.

Wapakiaji wa ghala hilo walikuwa na mtindo wao. Mzigo ukizidi uwezo wa mashine na magurudumu ya nyuma yakianza kuinuka, watatu wanne walirukia nyuma na kukaa huko ili itulie, wakicheka na kuning'iniza miguu. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Waliacha siku mbili, ya tatu wakarudia. Mzigo wote huo uliozidi ulining'inia kwenye minyororo miwili inayoinua uma za mbele.

Dereva, mzee wa mtaa wa Woodley aliyeiendesha mashine hiyo miaka mingi, aliipaka minyororo grisi nzito kila asubuhi mpaka ikang'aa. Kwake, hayo ndiyo yalikuwa matunzo. Mimi niliona ni kuficha ugonjwa. Jumamosi moja nikachukua tambara na mafuta taa, nikaifuta pingili moja moja. Karibu na juu kabisa nikakuta ufa, mwembamba kama unywele. Nilichomoa ufunguo wa mashine, nikautia mfukoni na kufunga kitambaa chekundu kwenye usukani.

Meneja alikuja mbio, lori likiwa tayari mlangoni.

"Madam, hiyo ni crack ndogo tu. Wacha tupakie hii lori, Monday ubadilishe."

"Hapana, boss. Hii chain ikikatika na mtu ako hapo chini, tutamwokota vipande."

"Basi Monday usikuje."

Akilini niliiona ile barua ya kazi, nikamwona mama akiwasimulia majirani. Lakini ufunguo sikuutoa. Meneja akaenda ofisini, akarudi na ufunguo wa akiba na kumkabidhi mzee.

Sasa kila kitu kilikuwa mikononi mwa mzee huyo, naye alikuwa amenikasirikia tangu asubuhi kwa kumfutia grisi yake. Alivaa miwani, akapanda ngazi na kuinamia mnyororo. Alikaa huko juu muda mrefu. Aliposhuka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mimi siendeshi hii kitu," alimwambia meneja, akimrudishia ufunguo. "Na hawa vijana wangu hawatasimama chini yake."

Kisha akavua koti, akainama, akajitwika gunia la kwanza begani. Mtu wa umri ule! Wapakiaji wakatazamana, wakapanga foleni nyuma yake. Nami nikajitwika langu. Tulipakia lori lile kwa mabega mpaka saa kumi jioni, na sijawahi kuchoka nikiwa na furaha namna ile.

Jumatatu nilikwenda kazini hata hivyo. Kama ni kufukuzwa, nilitaka nifukuzwe nikiwa nimevaa ovaroli yangu. Nilimkuta meneja peke yake kando ya foklifti, ameshika tochi, shingo ameikunja kutazama juu.

"Nimetafuta hiyo crack na siioni," akasema. "Hebu nionyeshe."

Nikapanda ngazi mbele yake.